Kutafuta Shafti Isiyokatika, Kutoka Mkumbi Hadi Lituhi

Nilifunga safari kwa sababu ya kanga ya Mama Gaudensia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la mashine yetu ya kusaga pale Mkumbi, akisubiri zamu ya debe lake la mahindi, mara shafti ikakatika. Kipande cha chuma kiliruka, kikapasua ubao wa banda, kikapita kwenye upindo wa kanga yake na kuondoka nao. Mwenyewe hakupata hata mchubuko. Alisimama, akautazama upindo uliobaki, kisha akatutukana sote kwa Kimatengo, kuanzia mwenyekiti hadi dereva.

Shafti ninayoisema ni ile fimbo nene ya chuma inayochomekwa nyuma ya trekta na kupeleka nguvu ya injini kwenye mashine. Huku kwetu trekta hailimi. Milima imesimama, na mashamba yetu ni ya ngoro, yale mashimo tunayochimba kwa jembe ili mvua isiondoke na udongo. Trekta ikiingia humo itatoka imebebwa. Trekta ya kikundi chetu ina kazi moja tu, kusimama mahali na kuzungusha mashine ya kusaga. Tuliinunua pamoja na mashine yake chama cha ushirika kilipoishiwa nguvu na kuanza kuuza vitu vyake, miaka ile soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupita milimani na mizani zao wenyewe.

Hapo ndipo shaka ilipoanzia. Shafti ya asili ilikuwa imezungusha mashine hiyohiyo kwenye ghala la chama, bondeni, miaka mingi bila neno. Ilipofika kwetu haikumaliza hata msimu. Tukanunua nyingine, nayo ikakatika. Kosmasi, dereva wetu, akatumwa Songea peke yake kuleta ya tatu, na hiyo ndiyo iliyokula kanga. Watu wakaanza kuunganisha mambo. Wakasema Kosmasi aliiuza ile ya asili, akatufungia kitu cha ovyo, na tangu siku hiyo anatuletea vyuma vya takataka kwa faida yake.

Kosmasi ni mtoto wa marehemu dada yangu, na mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi. Kikao kiliamua niende mwenyewe nikatafute shafti isiyokatika, nifuatane na Kosmasi kwa kuwa ndiye anayejua vipimo. Hiyo mpya nayo ikikatika, Kosmasi aondoke, tena aondoke na jina la mwizi. Ana mke na watoto palepale kijijini. Kikao kilipokuwa kinaamua, yeye alikuwa amesimama mlangoni na hakusema kitu. Wengine waliona ni unyonge. Mimi niliona ni ujanja.

Niseme mapema mimi ni mtu wa namna gani. Nilikuwa karani wa mizani wa chama, na kazi yangu ilikuwa kutumbukiza mkono kwenye gunia la kahawa la jirani yangu na kutafuta mawe. Nimeyatoa mawe kwenye magunia ya walevi, ya wazee wa kanisa na ya baba mkwe wangu. Ukifanya kazi hiyo muda mrefu unaanza kupima hata salamu. Mpaka leo watu huniita Karani, na sijawahi kujua kama wananiheshimu au wananisema.

Njiani kuteremka Mbinga mjini tulitembea kwa miguu, maana lori la asubuhi halikutokea. Kosmasi alikuwa mbele na mfuko wake wa spana begani. Tulipofika kwenye kijito akageuka.

"Mjomba, tukirudi na shafti nzuri, mashine tuihamishie uwanjani kwako."

"Uwanja gani?"

"Ule wa kahawa."

Uwanja wangu wa kuanikia kahawa ndio mahali pekee palipolala katika upande wetu wote wa mlima. Baba yangu aliuchimba kwa jembe na kuusawazisha kwa miaka. Zamani tulipeleka kahawa chamani na kuondoka, lakini tangu wanunuzi waanze kuja mlangoni, kahawa iliyokauka vizuri ndiyo inayogombewa, na kila aliye na kipande cha ardhi tambarare amekitandika majamvi. Hakuna Mmatengo atakayemwaga kahawa yake pembeni ili kuipa trekta nafasi. Ndiyo maana banda la mashine tulilijenga chini, mwisho wa kiwanja changu, na trekta tukaiegesha juu kidogo, kwenye ukingo wa njia, magurudumu yamezuiwa kwa mawe. Kila mtu aliona ni sawa.

Basi maneno ya Kosmasi niliyasikia kwa sikio lingine. Mtoto wa dada hana fungu katika ntambo wetu, yaani ule mgongo wa mlima ulio mali ya ukoo. Mama yake alirudi nyumbani baada ya kuachika, akamlelea hapo, na hapo amejenga. Leo anaomba uwanja kwa ajili ya mashine, kesho ataomba pembe ya uwanja kwa ajili ya jiko. Nikamwambia, "Tutafute shafti kwanza." Akaendelea kutembea.

Mbinga mjini tulikuta maduka ya spea yamejaa kuliko nilivyowahi kuyaona. Miaka ya nyuma ungeomba beringi moja ukaambiwa urudi baada ya Pasaka. Sasa kila kitu kilikuwepo, kimepakwa rangi, kimefungwa kwenye nailoni, kimepangwa mpaka barazani. Watu walikuwa wanafurahi. Mimi wingi ule ulinitia hofu, kwa sababu sikuona aliyeweza kusema vitu vyenyewe vimetoka wapi.

"Hii imetoka nje," mwenye duka alituambia, akaibwaga shafti nyekundu juu ya meza.

"Nje wapi?" niliuliza.

"Nje, mzee. Nje ya nchi."

"Nchi gani?"

"Mzee, unanunua shafti au unanunua nchi?"

Wateja walicheka. Nilimwacha acheke nao, nikaomba kuishika. Rangi ilikuwa nzito mno katikati ya bomba, na kitu chenye rangi nzito katikati kina sababu. Nilitoa kisu changu cha kumenyea ndizi nikakwaruza. Chini ya rangi kulikuwa na mshono wa kuchomelea uliozunguka bomba zima, umesuguliwa ukawa laini. Shafti ilikuwa vipande viwili vilivyokutanishwa gereji, kisha ikavishwa nguo mpya.

Mwenye duka alibadilika. Alisema nimeharibu mali, kwamba nimekuja kumfukuzia wateja, kwamba wazee wa milimani ndivyo tulivyo. Kosmasi ndiye aliyemtuliza, kwa sauti ya chini, na mkono wake begani kwa yule bwana. Walionekana kujuana. Tulipotoka nikamuuliza amemjulia wapi.

"Ndiye aliyetuuzia ile ya pili, Mjomba. Wewe mwenyewe ulituma tununue hapa."

Ilikuwa kweli, lakini ule mkono begani haukunitoka akilini siku nzima.

Kitura hatukuwa tumepanga kwenda. Shemeji yangu anayekaa huko alitukuta sokoni, akasema jirani yake, Mzee Hilari, ana shafti ya trekta iliyokufa na angependa kuiuza. Tulipata lifti kwenye pikapu iliyopeleka mbolea, tukafika jua likiwa bado juu. Mzee Hilari alitupokea kwa chai na viazi, akatuuliza habari za mvua, za kahawa na za kila mtu tuliyemjua kwa pamoja. Kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, akafunua magunia.

Chini ya kutu kulikuwa na rangi ya buluu, na kwa buluu ileile chama chetu kilipaka kila chombo chake, kuanzia mizani hadi milango ya ghala. Nilimtazama Kosmasi. Alikuwa ameshaipigia magoti, anaigeuzageuza, na uso wake haukuonyesha chochote.

"Shikamoo tena, mzee," nilimwambia Hilari, na sauti yangu niliisikia imekuwa tamu kupita kiasi. "Hii uliipata kwa nani?"

"Chamani, mwanangu. Walipouza vitu vyao."

"Chama cha wapi?"

"Chama ni chama. Walikuwa wanauza."

Nilianza kupanga kichwani jinsi nitakavyolisema jambo hili kikaoni. Niliona nyuso za watu. Niliona hata mahali nitakaposimama. Basi Kosmasi akaniita na kunionyesha tundu la mwisho wa shafti, pale inapovaa kwenye mhimili wa trekta.

"Hesabu meno, Mjomba. Trekta yetu ina sita makubwa. Hii ina madogo mengi. Haijawahi kukaa kwenye trekta yetu hata siku moja."

Nikainama, nikaona mwenyewe. Halafu akaivuta shafti, maana shafti hizi ni bomba ndani ya bomba, zinarefuka na kufupika. Ya Mzee Hilari ukiivuta kufikia urefu wetu, yale mabomba yalishikana kwa upana wa kiganja tu. Ingeruka kazini siku ya kwanza. Nilipaswa kufurahi kwamba mtoto wa dada yangu hakuwa mwizi, angalau si wa shafti ile. Lakini nilijisikia nimenyang'anywa kitu, na jambo hilo lilinisumbua mpaka nilipolala.

Kutoka Kitura tulirudi barabarani tukapanda lori lililokuwa linakwenda ziwani kuchukua usipa wakavu, wale dagaa wa huko. Shemeji alikuwa ametuambia habari za mwanamke wa Lituhi, mjane, ambaye mumewe alikuwa na matrekta mawili ya kufanyia kazi ya mpunga, na sasa moja limekufa lakini vifaa vyake ni vizima. Nilimuuliza shemeji amejuaje. Akasema alisikia kwa mtu. Nikamuuliza mtu gani. Akasema, "Karani, panda lori."

Mteremko kuelekea ziwani ni mrefu. Baridi ya kwetu inaondoka kidogokidogo, koti linavuliwa, kisha sweta, na mwisho unabaki umeshika nguo mkononi unashangaa ulizibebea nini. Kosmasi alilala njia nzima akiwa amelalia mfuko wake. Mtu asiye na siri, niliwaza, analalia mfuko kwa nini? Ziwa lilipoonekana, jeupe na pana, milima ya ng'ambo imefifia, abiria wote waligeuka kulitazama. Mimi pia.

Lituhi tulishuka kwenye mchanga. Mitumbwi ilikuwa imepandishwa ufukweni, usipa wameanikwa juu ya vichanja, na harufu yao ilikuwa kila mahali. Tuliuliza nyumba ya Mama Skola, tukaoneshwa na watu wengi kuliko tuliohitaji. Alikuwa mwanamke mrefu, kitambaa cheusi kichwani, anapepeta mpunga mlangoni. Alitukaribisha ugali wa muhogo na samaki kabla hajatuuliza tulichofuata. Tulipomwambia, aliweka ungo chini.

"Nyie ni wachuuzi?"

"Hapana, mama. Ni wakulima. Tuna mashine ya kusaga."

"Wachuuzi wote wana mashine ya kusaga wakifika hapa," alisema. "Wananunua kwangu, wanapaka rangi, wanakwenda kuuza mjini. Marehemu mume wangu alivitunza vitu hivi. Sitaki vizururishwe."

Ilikuwa mara ya kwanza katika safari ile kukutana na mtu anayeshuku kuliko mimi, na nilimheshimu papo hapo. Alituuliza majina ya baba zetu, parokia yetu, jina la kikundi, na kwa nini shafti tatu zimekatika mikononi mwetu. Nikamwambia ni feki. Akauliza kama zote tatu zilikuwa feki. Nikasema ndiyo, au zilibadilishwa. Kosmasi alitazama pembeni.

"Na mashine yenu mmeiweka wapi?" Mama Skola aliuliza.

"Nyuma ya trekta," nilijibu, kwa kuwa niliona ananichimba.

Alitutazama sote wawili kwa zamu, kisha akafunua turubai. Shafti ilikuwa imelala juu ya mbao mbili, imefungwa matambara yenye grisi. Nilianza kazi yangu. Nilikwaruza rangi, nikakuta chuma kizima. Niligonga bomba kwa spana kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mlio ulikuwa mmoja. Kosmasi alihesabu meno, yakawa sita. Aliivuta, na mabomba yakabaki yameshikana zaidi ya theluthi. Krosi, vile vipande vyenye umbo la msalaba vinavyoruhusu shafti kupinda kila mwisho, zilikuwa nene kuliko zote tulizowahi kufunga, na nilipozichezesha kwa mkono hazikucheza. Hata kava ya plastiki ilikuwepo, pamoja na minyororo yake, ile inayozuia nguo ya mtu kuzolewa. Sisi kava zetu tulizitupa zamani kwa sababu zilituchelewesha kupaka grisi.

Bado sikuridhika. Niliomba kuiona ikifanya kazi. Mama Skola alisema, "Mume wangu angekuwepo mngepatana sana," akamwita dereva wake. Waliifunga kwenye trekta iliyokuwa hai na mashine ya kukoboa mpunga, juu ya mchanga mgumu karibu na ziwa. Dereva akaongeza moto. Shafti ilizunguka mpaka ikawa haionekani kama inazunguka, na sauti iliyosikika ilikuwa ya mashine peke yake. Niliweka kiganja juu ya kiti cha trekta, sikusikia mtetemo. Walikoboa magunia ya watu waliokuwa wanangoja, na mimi nilisimama pale muda wote natafuta kosa.

"Hapa kwetu mchanga umelala," Mama Skola alisema. "Hauchoshi chuma."

Nilidhani anajisifia kijiji chake. Watu wa ziwani hujisifia.

Tulipatana bei, tukakubaliana kuondoka na lori la kesho yake. Asubuhi Kosmasi alikwenda kuoga ziwani. Nilibaki na shafti peke yangu, nikatoa tupa ndogo mfukoni na kukwaruza alama ndogo upande wa ndani wa sikio moja, yale masikio ya chuma yanayoshika krosi, mahali ambapo mtu haoni mpaka ajue pa kutazama. Nikapaka grisi juu yake. Sasa yeyote atakayeibadilisha njiani nitamkamata. Kosmasi aliporudi, mimi nami nikaenda kuoga, nikiwa na amani kwa mara ya kwanza.

Amani haikudumu. Nikitoka majini nilimwona Kosmasi karibu na mitumbwi, anaongea na mvuvi mmoja. Mvuvi alimpa kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, naye akakitia mfukoni upesi, chini ya spana. Hakunionyesha, wala sikumuuliza. Mtu anayeficha kitu ukimuuliza anakificha zaidi. Bora umwache abebe mpaka akitoe mwenyewe.

Safari ya kurudi ilikuwa ya kupanda, na lori lililia kila kona. Nilikalia upande mmoja wa shafti, Kosmasi akakalia wa pili. Tulipofika penye baridi nikavaa sweta, kisha koti, jicho langu likiwa kwenye ule mfuko. Mbinga mjini alishuka kununua maji, nikafuta grisi kwa ncha ya kidole, pale penye alama yangu tu: ilikuwepo. Nikairudishia grisi kabla hajarudi.

Mkumbi walikuwa wametusubiri. Habari za shafti kutoka ziwani zilitutangulia, na watu walijaa juu na chini ya banda, wengine na madebe yao kabisa. Mama Gaudensia alikuja na kanga ileile yenye upindo uliokatwa, akaketi mbali kwa makusudi, na kila aliyemwita asogee alimwonyesha upindo. Kosmasi aliifunga shafti, akapaka grisi, akafunga minyororo ya kava, akapanda kwenye trekta. Mke wake alikuwa amesimama nyuma ya watu na mtoto mgongoni. Nilimwona, nikageuza uso.

Trekta ikaunguruma. Shafti ikaanza kuzunguka, taratibu, kisha kasi. Halafu ikaja ile sauti. Ta-ta-ta-ta, sauti ileile ya zile tatu, mbao za banda zikaanza kutetemeka, na watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja.

"Zima!" nilipiga kelele. "Zima!"

Ilipokaa kimya nilisikia mtu nyuma yangu anasema, "Ameshaibadilisha njiani." Mwingine akaitikia. Mke wa Kosmasi akaanza kusogea kuelekea nyumbani.

Nilichukua tambara, nikalala chini ya shafti, nikafuta grisi yote kwenye lile sikio. Alama yangu ilikuwepo. Lakini pembeni yake kulikuwa na vitone vitatu vidogo, vimegongwa kwa ncha ya msumari, vipya kama alama yangu.

"Hivi ni nini?" niliuliza.

Kosmasi alishuka. Alinitazama mimi peke yangu, wala si wale watu.

"Ni vyangu, Mjomba. Nilivigonga Lituhi ulipokwenda kuoga."

"Kwa nini?"

"Niliogopa wewe utaibadilisha. Ili ikatike, niondoke."

Sitasema sikuumia. Niliumia sana, na sikuwa na mahali pa kupeleka maumivu hayo, maana mimi nilifanya vilevile na kwa sababu ileile. Nilibaki nimelala pale chini. Shafti ni ileile. Niliiona Lituhi ikizunguka kimya. Mama Skola hakunidanganya, Kosmasi hakuibadilisha, na mimi najua sikuigusa. Nilitafuta mtu mwingine wa kumshuku na sikumpata. Ndipo, kwa kuwa nilikuwa chini na sina pengine pa kutazama, nikaitazama shafti yenyewe jinsi ilivyokaa. Ilikuwa inateremka. Ilitoka kwenye trekta juu na kushuka kwenye mashine chini, imepinda kwenye krosi zote mbili, na lile jiwe la gurudumu la nyuma lilikuwa limeshajisogeza, trekta imeifuata, inaisukuma shafti kwa uzito wake wote.

Kosmasi alikuwa ameshafungua mfuko. Alitoa kile kitambaa, akakikunjua, ndani mkawa na mshipi wa kuvulia samaki. Alifunga ncha moja kwenye mhimili wa nyuma wa trekta, akaomba chupa ya maji yaliyojaa nusu ili kupimia ulalo, akauvuta mshipi ukanyooka hadi juu ya mashine. Kati ya mshipi na mhimili wa mashine kulikuwa na urefu wa mkono mzima.

"Pale ghalani kwa chama," alisema, "mshipi huu ungegusa mhimili wa mashine."

Watu walisogea kuona. Hata Mama Gaudensia.

"Ulijua siku zote?" nilimuuliza.

"Nilikuambia njiani."

"Kikaoni je? Kwa nini hukusema?"

"Ningesema uwanja wa nani, Mjomba? Mtu anayeitwa mwizi akisimama kuomba uwanja wa mjomba wake, ninyi mngesikia nini?"

Nilijua tungesikia nini. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshakisikia pale kijitoni.

Nilipanda uwanjani kwangu. Kahawa ilikuwa imekaribia kukauka vizuri, imetandazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaanza kukunja jamvi la kwanza. Mke wangu, Hyasinta, alitoka jikoni akauliza kama mvua inakuja. Nikamwambia inakuja trekta. Alinitazama, akawatazama watu waliokuwa wanapanda nyuma yangu, akashika ncha ya pili ya jamvi. Nikasema kwa sauti, ili wasikie mpaka waliokuwa bandani, kwamba Kosmasi hakuuza kitu na hakubadilisha kitu, na kwamba anayetaka kusema vingine aje akunje jamvi kwanza. Walikuja wengi. Sasa kahawa yangu inakauka juu ya vichanja, kama usipa wa Lituhi, na haijaharibika.

Wanaoniuliza jinsi ya kuchagua shafti inayodumu huwa nawaambia waende na kisu wakakwaruze rangi, wagonge bomba wasikilize, wahesabu meno kabla ya kutoa chochote, wavute waone mabomba yanashikana kiasi gani, na wasitupe kava. Lakini wote sasa nawauliza kwanza swali la Mama Skola, wataiweka mashine wapi, na mtu akinijibu nyuma ya trekta, namwambia tukapatazame.

Jioni ya siku ile, mashine ikiwa imeshakaa uwanjani na madebe yote yamesagwa, sauti ya shafti ikiwa haisikiki kabisa, nilichukua tupa yangu nikainama kufuta alama. Niliona haya kuiacha pale. Kosmasi alikuwa anapaka grisi upande wa pili.

"Iache, Mjomba," alisema. "Na yangu naiacha. Siku ikikatika tujue ni ileile."

Nikairudisha tupa mfukoni.